Tende za Mtende Usiozaa

Jumatatu, 12 Desemba 1955

Nimejua leo kwamba binti yangu Saadiya amebakiza siku chache ajifungue. Nimejuaje? Kwa Gharib! Jirani yangu, mlango wake watazamana na wangu, ajua habari za tumbo la mwanangu kabla yangu mimi. Aliniambia barazani mbele ya watu huku akipuliza kahawa yake taratibu. Nikasema najua. Nikasema najua tangu zamani. Kahawa ikaniunguza ulimi.

Nikaingia ndani kumuuliza mke wangu Kulthum. Akasema yeye ajua tangu mimba changa, ila hakunambia kwa sababu mimi mwenyewe nilikataza jina la Matondoni lisitajwe humu ndani. Kweli nilikataza. Lakini mtu husema mengi.

Niandike sawasawa, nisije nikaonekana mkorofi. Desturi yetu hapa Amu, mji wa Lamu, ni mume kuhamia kwa mke. Nilimtayarishia Saadiya orofa ya juu nzima. Nilipaka chokaa kwa mikono yangu mpaka ikaniingia jichoni. Akaja mkwe, Abdulkadir, fundi wa majahazi, akanambia kwa adabu kubwa kwamba majahazi hayaundwi orofani. Akamchukua mwanangu wakenda kukaa kijijini kwao, Matondoni. Kwa adabu! Angenitukana ningejua la kumjibu. Siku ile niliapa barazani kuwa Matondoni sitaingia maadamu ni hai. Watu wote walinisikia. Gharib alinisikia mara mbili, maana alinitaka nirudie.

Sasa kuna desturi ya pili. Mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mamake mzazi. Lakini binti huitwa, haji tu. Nani amwite? Mimi? Nimbembeleze, na wao wakae kule wakicheka? Hapana. Saadiya atakuja kuzalia hapa, na atakuja mwenyewe, bila mimi kumwomba. Natafuta njia.

Kulthum asema njia ipo. Nivunje kiapo, nitoe kafara, nilishe maskini kumi au kama siwezi nifunge siku tatu, kisha nipande punda nikamchukue mwanangu. Kulthum hupenda kurahisisha mambo.

Jumatano, 14 Desemba

Njia imekuja yenyewe, imevaa koti jeupe!

Ni Hezekia, dresa wa hospitali. Mpokomo wa kule Ngao, Mkristo, mtu mpole, alinifunga jipu mwaka jana bila kunicheka. Asema Wakristo wa hapa mjini, nao ni wachache kama vidole, watafanya mchezo wa Krismasi. Kuzaliwa kwa Nabii Isa. Jumamosi ya tarehe ishirini na nne, alasiri, uwanjani hospitalini, na watu wote wakaribishwa. Wanahitaji punda wa kumbeba Bi Mariamu. Akasema alikuwa njiani kumwendea Gharib.

Nikamshika mkono. Nikamwambia punda wa Gharib huuma. (Haumi. Lakini ana sura ya kuuma.) Nikampa wangu, Tajiri, bure, na nikaomba kitu kimoja tu: kiti changu kiwe safu ya mbele.

Na hapa ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Tajiri alilelewa na Saadiya. Mamake punda alipokufa, Saadiya ndiye aliyemnywesha maziwa kwa kitambaa, akiwa msichana wa miaka kumi. Akisikia Tajiri atatembezwa mbele ya mji mzima, atakaa Matondoni? Atakuja. Na akishakanyaga mjini na tumbo lile, mamake atamng'ang'ania. Atazalia orofani. Nami sikumwomba mtu!

Kulthum akauliza kama wataigiza Mtume wa Mungu, maana hilo halifai. Nikarudi mbio kwa Hezekia. Akasema mtoto atakuwa leso iliyokunjwa, imewekwa juu ya majani makavu, hakuna mtu. Nikamweleza Kulthum. Akasema haya, lakini wewe usiingie mchezoni. Nikamwambia mimi natoa punda tu, na punda hana madhehebu.

Ijumaa, 16 Desemba

Baada ya sala nimewaambia watu watatu wa Matondoni habari za Tajiri. Kila mmoja nimemwambia ni siri. Zitafika kabla ya magharibi.

Alasiri nikaenda hospitalini kuwatazama wakijaribu mchezo wao. Balaa! Hakuna mtende!

Sisi tulisomeshwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tangu utoto. Bi Mariamu alishikwa na uchungu peke yake, mbali na watu, akaegemea shina la mtende. Akaambiwa asihuzunike. Akaambiwa alitikise shina, zikamwangukia tende mbivu, na chini yake pakapita kijito. Mtoto yeyote wa Amu ajua hayo. Wao wana zizi. Wana ng'ombe wa maboksi. Wana wachungaji wawili, ambao ni askari polisi, na mmoja hakuvua buti. Mtende hamna.

Tena kuna mwanamume! Amesimama pembeni ana ndevu za pamba ya hospitali. Ni Hezekia mwenyewe. Nikamuuliza huyu nani. Akasema ni Yusufu, ndiye aliyemtunza Bi Mariamu safarini. Nikauliza kazi yake. Akasema seremala.

Seremala! Nimekimbia seremala mmoja, nakutana na mwingine.

Nikamwambia Hezekia kwetu hadithi haina mtu huyo, na kama aweza amtoe. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwao hawezi kumtoa, maana sifa yake yule mzee ni moja tu, kwamba njia ilipokuwa ngumu hakumwacha mwanamke peke yake. Nikaenda kumtazama Tajiri kwato.

Jumapili, 18 Desemba

Gharib amepata habari. Leo barazani aliniita, "Ewe Muhdhar," akaniuliza kwa upole sana kama ni kweli nimetoa punda wangu kwa hadithi isiyo na mtende. Watu wakacheka. Akasema mji mzima utakuwa pale, na mji mzima utauliza mtende uko wapi, na mimi nitakuwa nimekaa safu ya mbele. Akasema yeye angekuwa mimi angejifanya mgonjwa.

Sikulala mchana. Nikafikiri. Nikapata!

Kulthum ana shamba aliloachiwa na marehemu babake, nje ya mji, kando ya njia ya Matondoni. Kuna kisima. Na kuna mtende, aliupanda yule mzee kwa kokwa ya Arabuni, miaka thelathini iliyopita, na haujazaa hata tende moja. Kulthum hakubali ukatwe. Basi Wakristo waanzie safari yao pale! Bi Mariamu akae kidogo chini ya mtende, kisha apande punda, waje mjini kwenye zizi lao. Kwetu mtende upo, kwao zizi lipo. Nani atalalamika?

Hezekia alifikiri kidogo, akasema hadithi yao haiutaji mtende, lakini haikatazi mtu kupumzika chini yake. Nampenda Hezekia. Si kama watu wengine.

Kumebaki jambo moja. Mtende usio na tende Gharib atausema.

Jumanne, 20 Desemba

Jahazi la kwanza la Waarabu limetia nanga. Nimepata kanda zima la tende, mfuko wa makuti uliojaa. Nimezionja kuhakikisha ubora. Nimeonja sana. Kanda limepungua.

Jioni zikaja habari mbaya. Bi Mwanamkisi, mamake Abdulkadir, ametuma salamu kwa Kulthum kwamba Saadiya miguu imemvimba, hawezi kuja kutazama mchezo. Asema kama mambo ni hayo atazalia hukohuko, na yeye mkwewe atamsimamia. Asema tusiwe na wasiwasi.

Nikapanda orofani. Chumba kitupu. Chokaa bado nyeupe, hakuna aliyeiegemea. Kwenye nguzo ya mlango kuna alama za urefu wake, nilizichora kwa makaa, kila Idi ya Mfungo Mosi. Ya mwisho yafika kidevuni kwangu. Nilikaa pale mpaka Kulthum akaja kuuliza kama naumwa. Nikasema vumbi.

Namtaka mwanangu. Basi, nimeandika. Hapa hapana wa kusoma.

Nikamwambia Kulthum atume jibu kuwa yeye ni mgonjwa mahututi. Akakataa. Akasema hatajiombea maradhi kwa sababu ya kiburi cha mtu. Basi nikatuma jibu langu mwenyewe. Nilisema Tajiri hali chakula. Nilisema siku ya nne leo hajatia kitu kinywani, asimama tu akitazama njia ya Matondoni.

Nilipotoka, Tajiri alikuwa akila mkeka wa jirani.

Alhamisi, 22 Desemba

Limekuja jibu! Mbebaji ameleta kikapu. Nikakifungua mbele ya Kulthum. Pumba. Pumba zilizochanganywa na chumvi, na maelezo kwamba zilowekwe maji ya vuguvugu, punda alishwe kwa mkono, akunwe nyuma ya sikio la kushoto.

Nikamuuliza mbebaji kama hakuna salamu. Akasema zipo. Zilikuwa za punda.

Kulthum aliingia jikoni. Nilisikia akicheka, kisha nikasikia hacheki. Mimi chakula cha jioni hakikupita.

Nimemlisha Tajiri kwa mkono. Nimemkuna sikio la kushoto. Amenikanyaga.

Jumamosi, 24 Desemba

Nikae, niandike yote. Mgongo wauma, mikono yote imechomwa miba, na kanzu yangu ya Idi imepasuka mahali ambapo sitapataja.

Asubuhi nilimpa Hezekia punda. Nikachukua ngazi na tende, nikaenda shambani peke yangu, nisije nikaonekana. Nikaegemeza ngazi. Nikapanda. Mtende si mnazi! Una miba kila kuti. Nikaanza kufunga vichala vya tende kwa ukili wa makuti, kimoja kimoja, vikae kama vimezaliwa pale. Vilipendeza wallahi.

Nikasikia kwato njiani.

Nikachungulia kwenye makuti. Abdulkadir, ameshika kamba ya punda. Juu ya punda, Saadiya, amejifunika buibui, amejiinamia. Nyuma, kwa miguu, Bi Mwanamkisi na furushi la nguo. Moyo ulinidunda hadi mti ukatikisika. Amekuja! Bila kuombwa!

Sasa hapa nilikosea kidogo. Ningeshuka. Lakini nikaona nikishuka watadhani nilijiweka pale kuwangoja. Nikasema nikae kimya, wapite, nitawafuata baadaye, nionekane nimewakuta mjini kwa bahati tu. Nikajibana.

Hawakupita. Saadiya alisema hawezi kuendelea. Wakamshusha. Wakamlaza chini ya mti uleule, mimi juu yake. Abdulkadir akatazama huku na huku, akaiona ngazi, akaichukua! Akailaza toka kwenye shina mpaka ukutani kwa kisima, akatundika leso na kipande cha tanga, ikawa pazia, kwa muda ambao mimi ningekuwa bado natafuta kamba. Hakutazama juu hata mara moja. Mwenye mke mwenye uchungu hatazami vilele. Akaruka juu ya punda, akaenda mjini kumleta Kulthum na Bi Hindu mkunga.

Nikabaki. Fikiria! Mwanamume mzima, juu ya mti, mahali pa uzazi! Nikohoe? Aibu. Niruke? Ningemwangukia Bi Mwanamkisi, kisha nijieleze vipi. Nikageuza uso kuelekea mjini, nikafumba macho, nikakumbatia shina. Miba ikaingia. Nikamwachia Mungu.

Uchungu ukazidi. Nilimsikia mwanangu na sikuweza kitu. Nimepata kuvunjika mguu, nimepata kuzika wazazi wangu wawili, lakini leo ndipo nilipojua maana ya kutojiweza. Bi Mwanamkisi alimpapasa, akamsomea, akamwambia Kulthum yuaja. Saadiya akalia kama alivyokuwa akilia mdogo, akasema:

"Namtaka babangu."

Nikasahau yote.

"Nipo," nikasema.

Kisha Bi Mwanamkisi akaanza kusoma zile aya za kufukuza majini, kwa sauti, kwa haraka.

"Baba? Uko wapi?"

"Juu."

Saadiya akacheka. Katikati ya uchungu wake, akacheka mpaka uchungu ukamkata. Nikamwambia sitazami, nimefumba macho, nimegeukia mjini. Akasema ajua. Akavuta pumzi, akasema:

"Ulituma watu kuwa punda hali. Nilijua ni wewe usiyekula."

Hapo nililia. Siandiki kwa urefu. Nikamwambia, "Rudi nyumbani, mwanangu." Nikamwambia asiogope. Na kwa vile nilivyolia, mti wote ukatikisika, na ukili wangu, ambao niliuamini, ukaachia. Zikaanguka tende. Ya kwanza ilimpiga Bi Mwanamkisi utosini. Kisha zote, kichala baada ya kichala, juu ya leso, mapajani kwa Saadiya, kisimani.

Bi Mwanamkisi alikatiza kusoma. Kisha nikamsikia akisema Subhanallah, taratibu, na kumwambia Saadiya ale, maana tangu asubuhi alikuwa hajala kitu. Saadiya akala. Nilimsikia akitema kokwa.

Ndipo ikaja kelele njiani. Abdulkadir amerudi na Kulthum na Bi Hindu, na nyuma yao msafara mzima wa Wakristo, maana ndio wakati tulioagana! Wachungaji wenye buti. Mke wa Hezekia, ndiye Bi Mariamu wao, juu ya Tajiri, amevaa leso ya buluu. Hezekia na ndevu zake. Alipofahamu kuna nini, aliwasimamisha wenzake mbali, akawageuza migongo. Kisha akaja hadi karibu na pazia, naye akageuka, akauliza kama kuna pamba safi. Bi Hindu akasema hamna. Hezekia akasema yake ameikata leo kwenye bunda jipya, na akavua ndevu akazipitisha juu ya ngazi.

Mtoto akalia.

Nani aliyenena kwanza sikumbuki. Nakumbuka nilipiga kelele kuuliza kama ni mwanamume, maana nimekwisha kutangaza barazani kuwa ni mwanamume na ataitwa jina la babangu. Kulthum akasema ni mwanamke. Kisha Kulthum akasema, "Hiyo sauti yatoka wapi?"

Basi wote wakatazama juu.

Walipomsitiri Saadiya vizuri, Abdulkadir akaja na ngazi. Nilidhani atacheka. Alikuwa na haki. Alipiga magoti kwenye mchanga, akaikumbatia ngazi chini kwa mikono yote miwili kama asimamishaye mlingoti wa jahazi, akasema neno moja:

"Shuka, baba. Nimeishika."

Nikashuka. Haikutikisika hata kidogo.

Alikwisha kumwadhinia mtoto sikioni. Sasa akamchukua, akanipa mimi. Akasema tahniki ni haki ya babu. Nikaokota tende moja iliyoangukia leso, nikaitafuna ikalainika, nikaipaka kidogo kwa kidole kwenye kaakaa lake. Akanyonya kidole changu. Ana nguvu! Macho ya Kulthum. Pua, kwa bahati mbaya, ya Matondoni. Abdulkadir akauliza kama sina kinyongo akiitwa Mariamu. Nikasema sina. Hezekia, kidevu kitupu, alikuwa akifuta macho kwa mkono wa kanzu.

Saadiya alipopumzika, alimtaka Tajiri ampeleke nyumbani. Mke wa Hezekia alishuka bila kuambiwa, akasema yeye ataweza kwa miguu, mwenzake hawezi. Akamfunika mtoto kwa ile leso ya buluu. Tukaingia mjini sote pamoja, Tajiri mbele, akitembea kwa adabu ambayo sijapata kuiona. Watu walitoka milangoni. Wengine walidhani ndio mchezo.

Mchezo ulifanyika bila sisi. Punda alikuwa wa Gharib. Na kiti changu, safu ya mbele, nimeambiwa alikikalia Gharib, miguu ameikunja. Alipoulizwa mtende uko wapi akasema mtende ni wa Muhdhar na Muhdhar yuko juu yake.

Saadiya amelala orofani. Nimesimama mlangoni nikisikiliza. Ameegemea chokaa.

Jumapili, 25 Desemba

Hezekia amepita kumtazama mtoto. Nimempa tende zilizobaki akawape wenzake kwa sikukuu yao. Alisema jana aliposimama uwanjani kuhadithia, alipofika pale Bi Mariamu na Yusufu walipokosa nafasi nyumba ya wageni, ilibidi aanze upya. Nikamuuliza kwani hawakupata hata orofa moja tupu katika mji wote ule. Akasema hawakupata. Nikamwambia nchi gani hiyo.

Jumatatu, 6 Februari 1956

Arobaini imekwisha. Alhamisi Saadiya amerudi kwa mumewe juu ya Tajiri, Mariamu kifuani. Alinibusu mkono akasema, "Baba, njoo basi kwangu." Nikasema nitaona.

Nyumba kimya. Kulthum akanikumbusha kafara. Akasema sasa hakuna tena cha kusubiri, nilishe maskini, na nikisema sina uwezo nifunge siku tatu, kiapo kifutike, niende. Nikakubali! Nikaanza leo kufunga, Jumatatu, siku njema. Nilikwenda vizuri. Kisha Gharib akakaanga mahamri. Nasema alikusudia. Mlango wake ulikuwa wazi, na upepo ulitoka kwake kuja kwangu. Nilikula mawili tu, nikanywa chai kuyateremsha.

Nimefikiri, na nimeona haina haja kufunga. Kwanza, mimi sikushindwa. Nilisema Saadiya atakuja bila kuombwa, na alikuja. Kulthum asema nilimwomba. Sikumwomba. Nilisema tu arudi nyumbani, nami nilikuwa juu ya mti, na maneno ya mtu aliye juu ya mti hayahesabiwi. Pili, niliapa kutoingia Matondoni. Bahari si Matondoni! Naweza kuazima mashua, nikatia nanga mbele ya kijiji, pale maji yafikapo magotini, na Abdulkadir akaniletea Mariamu. Kiapo changu kizima, mjukuu wangu mkononi. Nashangaa haikunijia mapema.

Mashua ni ya Gharib. Amekubali, kwa sharti aje yeye, na aje na watu wa barazani. Bahari hunitapisha, lakini si mbali.

Nimempa mbebaji habari hizo azipeleke. Amerudi jioni hii. Saadiya hakukasirika. Ametuma salamu, zangu, si za punda. Asema Abdulkadir ameniundia kiti kwa mbao zilizobaki za jahazi, na amekiweka mlangoni pao tangu Alhamisi, hakuna anayeruhusiwa kukikalia, na kila asubuhi Mariamu aonyeshwa, aambiwa ni cha babu.

Nilimuuliza mbebaji kama ni kikubwa. Akasema kikubwa. Kina mikono? Kina mikono.

Nimemtuma tena. Wakisogeze ufukoni, nikione kutoka mashuani.